Dar hadi Mbeya na gari lililotoka bandarini juzi

Mdogo wangu, hongera kwa gari. Umesema lina wiki mbili tangu litoke bandarini, mko watano, na mnataka kuondoka Dar usiku mfike Mbeya asubuhi. Usiku huo naomba muuache. Ondokeni alfajiri.

Kabla ya yote, tazama tairi. Magari ya mtumba kutoka Japani huja na tairi zenye kashata (meno ya tairi) nzuri lakini mpira umezeeka. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Ukikuta hivyo, badilisha, hata kama fedha ya nyama choma itapungua. Mimi tairi ilinipasukia mbele ya Chalinze nikiwa na wenzangu garini, na ilikuwa inang'aa kama mpya. Spea nayo ikague, na jeki uijaribu nyumbani.

Mwaga oili, weka mpya, maana hujui aliyekutangulia aliiweka lini. Rejeta ikaguliwe pia: mlima Kitonga, mkiwa watano na mizigo, ndipo injini huchemka. Ikichemka, paki, zima, subiri ipoe. Usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto. Siku ya kurudi, teremka Kitonga kwa gia ndogo, usikalie breki.

Mikumi mpite mchana na polepole, wanyama huvuka ghafla. Na mkubaliane leo nani ana leseni ya kukupokea usukani. Asiye nayo asiuguse, hata akiwa rafiki wa damu.