Betri ya 4800 na ndafu iliyonipita

Ndafu iliingia ukumbini ikichezeshwa, jani mdomoni, wapishi wawili wameibeba na MC anaita jina la ukoo. Ilikuwa sendofu ya familia ya Kichaga, Temeke, nami nilikuwa na miezi michache tu tangu nianze kulipwa kwa kupiga picha. Nikabonyeza, flashi ikawaka. Nikabonyeza tena, giza. Kile kitaa cha mgongoni kinachoonyesha kwamba flashi iko tayari kilikuwa kimezima. Nikahesabu kimoyomoyo mpaka kumi na saba ndipo kikarudi, na bibi harusi alikuwa ameshamlisha baba yake kipande cha kwanza. Shangazi mmoja wa meza ya mbele akanigeukia: “Kameramani, unasubiri mbuzi apoe?”

Betri zilizokuwa ndani ya ile flashi nilizinunua Kariakoo siku mbili kabla. Nne, za kuchaji, zimeandikwa 4800 mAh kwa rangi ya dhahabu. Pembeni yake zilikuwepo nyingine za 2000, bei karibu mara tatu. Nikajiona mjanja.

Namba hiyo ndiyo inayowaponza wengi, kwa hiyo niiseme mapema. mAh ni kiasi cha chaji ambacho betri inaweza kubeba, mfano wa ujazo wa ndoo. Sasa betri ya umbo la AA, hii tunayotia kwenye saa ya ukutani, ni ndoo ndogo. Zile za nikeli, zinazoandikwa Ni-MH, hata zikiwa bora kabisa huishia 2700 au 2800 hivi. Ukiona 3000 na ushee, anza kushuku. Ukiona 4800, mrudishie muuzaji na umuage kwa heri.

Mke wangu huoka keki, ana mizani ya kielektroniki ya kupimia hamira. Baada ya aibu ya Temeke niliweka ile ya 4800 juu yake: gramu 17. Nikaazima kwa rafiki betri yake ya 2000 ya kampuni inayojulikana: gramu 27. Hakuna muujiza hapo, chaji inakaa kwenye madini, na madini yana uzito. Tangu siku ile nikienda kununua betri natembea na moja nzuri mfukoni. Naishika mkono huu, ya dukani mkono ule. Wauzaji wengine hucheka, wengine hukasirika. Anayekasirika simnunulii.

Vijana wanaokuja kubeba taa huniuliza swali lile lile: mbona ya kuchaji imeandikwa volti 1.2 na ya kawaida ya kutupa ni volti 1.5, si ina maana ya kutupa ina nguvu zaidi? Kwenye rimoti, labda. Kwenye flashi ni kinyume. Flashi ikishawaka hunyonya umeme mwingi kwa mkupuo ili kujaza upya kapasita yake, tangi dogo la umeme lililo ndani, na betri ya kutupa haiwezi kuutoa kwa kasi hiyo. Ina ukinzani mkubwa ndani, yaani yenyewe inauzuia umeme kupita, na volti zake zinaporomoka pale inapobanwa. Ya Ni-MH inabaki karibu na 1.2 yake na kuumwaga umeme tu. Ndiyo maana flashi yenye betri nzuri za kuchaji hurudi tayari mapema kuliko yenye betri mpya za kutupa. Kamera ndogo za zamani zinazotumia AA nazo ni vivyo hivyo: unaweka za kutupa, unapiga picha chache, kamera inalalamika betri imekwisha, unazihamishia kwenye saa nazo zinadunda miezi.

Kosa la pili nililifanya nikiwa na betri za kweli, za kampuni yenye jina, 2700 kamili. Zilifanya kazi vizuri sana kila nilipozichaji Ijumaa kwa shughuli ya Jumamosi. Tatizo lilikuwa seti ya akiba. Niliichaji, nikaiweka kwenye mfuko wa pembeni wa begi, nikaisahau mwezi na zaidi katika joto la Dar. Siku niliyoihitaji ilikuwa karibu tupu, na sikuwa nimeitumia hata dakika moja. Ni-MH za aina ya zamani huvuja chaji zenyewe, robo au zaidi kwa mwezi, na joto huongeza kasi ya kuvuja. Mpiga picha wa Dar anayezinunua anajaza maji kwenye pakacha.

Dawa ilipatikana mwaka 2005, Sanyo ya Japani ilipotoa Eneloop, Ni-MH zinazovuja taratibu sana. Baadaye Sanyo ilichukuliwa na Panasonic, na leo jina la Panasonic ndilo unaloliona juu yake. Kampuni nyingine nazo zina za aina hiyo. Alama rahisi ya kuzitambua ni kwamba pakiti inasema zimeshachajiwa kiwandani, tayari kwa matumizi. Betri inayovuja isingeweza kusafiri kwa meli, ikakaa bandarini, ikakaa dukani, halafu ikuwashie flashi siku unapofungua pakiti.

Eneloop ya kawaida, ile nyeupe, ni kama 2000 mAh, na mtengenezaji anataja hadi mara 2100 za kuchaji. Ile nyeusi, ya Pro, ni 2500 hivi, lakini anataja mara 500 tu. Mimi nachukua nyeupe. Kinachonitesa kwenye sherehe si kubadilisha betri kati ya keki na zawadi, hiyo ni kazi ya nusu dakika. Kinachonitesa ni kutojua iliyomo mfukoni ina nini. Anayefanya kazi ambayo haimpi nafasi ya kubadilisha, achukue nyeusi, sitabishana naye.

Chaja ndiyo watu wanayoibania pesa, nami naona ni muhimu kuliko betri zenyewe. Chaja za bei rahisi huchaji mbili mbili: moja ikiwa imejaa na mwenzake nusu, iliyojaa inaendelea kupikwa mpaka mwenzake afike. Nyingine hazipimi kitu, zinahesabu saa tu. Hizo kwa umeme wetu ni hatari kwa betri. Saa saba za usiku umeme unakatika, saa nane unarudi, chaja inaanza kuhesabu upya kana kwamba betri ni tupu, na asubuhi unazishika kwa kitambaa kwa jinsi zinavyochoma. Tafuta yenye taa yake kwa kila tundu, inayochaji kila betri peke yake na kuacha ikijaa. Ikiwa na kioo kinachoonyesha mAh zilizoingia, umepata na kifaa cha kuwaumbulia waongo.

Betri zangu nimeziandika kwa kalamu ya wino mzito: A1 mpaka A4, B1 mpaka B4, C hivyo hivyo, pamoja na mwezi na mwaka nilionunua. Za A hulala pamoja, huchajiwa pamoja, huingia kwenye flashi pamoja. Ukichanganya iliyochoka na tatu nzima, iliyochoka inaisha mapema, tatu zinaendelea kuisukuma mpaka ncha zake zinageuka, chanya inakuwa hasi, na hapo umeiua. Huwa naona wenzangu wanaokota zozote kwenye begi, halafu wanalaumu kampuni ya flashi.

Kuhusu betri ya kamera yenyewe nina machache. Kamera nyingi za sasa zina betri yake maalumu ya lithiamu, kwa hiyo huchagui umbo wala volti, unachagua tu ya kampuni ya kamera au ya kampuni nyingine. Mimi nina zote. Ya kampuni nyingine iliyoandikwa jina lake waziwazi imenifaa kwa miaka. Ninayoikimbia ni ile inayojifanya orijino, ina nembo ya Canon au Nikon lakini bei ya karanga. Aliyedanganya nembo, mAh atasema kweli? Ukiiweka, angalia kama kamera inaonyesha asilimia ya chaji kama kawaida. Canon kadhaa zitakuuliza kabisa kama betri hiyo ina nembo yao.

Idadi ya picha wanayoiandika kwenye kitabu ichukue kama kilomita kwa lita za tangazo la gari. Canon 5D Mark II iliandikiwa picha 850 hivi kwa chaji moja. Nikitazama kwa tundu la jicho na kufyatua mfululizo nilipita hapo bila shida. Nikiwasha kioo na kurekodi video ya maharusi wakiingia, betri ilikwisha kabla MC hajakaa.

Lithiamu haihitaji kuachwa iishe ndipo uichaji, huo ni ushauri wa betri za zamani. Ukiiweka muda mrefu bila kazi, iache nusu, mahali pasipo na joto, na dashibodi ya gari si mahali hapo. Ikianza kuvimba hata kidogo, usiilazimishe kuingia kwenye kamera, nilishamwona fundi akiitoa moja kwa koleo. Ukipanda ndege, za akiba zinakwenda nawe kwenye begi la mkononi, si la chini, na zisigusane na funguo au sarafu. Na wanaopanda Kilimanjaro wakae nayo kwenye mfuko wa ndani, karibu na mwili. Baridi ya juu huifanya ionekane imekufa, ukiipasha mkononi inafufuka kwa picha kadhaa, na kufika kilele cha Uhuru, mita 5,895, ukiwa na kamera iliyozima ni kilio.

Seti yangu ya A sasa ina miaka saba. Kwenye flashi imeanza kuzembea, inachukua sekunde mbili zaidi ya B, kwa hiyo mwezi uliopita nimeistaafisha. A1 iko kwenye saa ya ukutani sebuleni, A2 kwenye redio ya mama, na A3 na A4 zimo kwenye tochi tunayoitafuta kila LUKU inapoisha.