Ngoma Ikiingia, Nyuzi Zinakwenda Wapi?

Wiki hii mmeuliza: "Je, remiksi za kudansia zinaharibu muziki wa nyuzi uliochanganya klasiki na pop?" Mimi ni mpiga viola wa siku nyingi katika kundi la watu wanne, fidla mbili, viola na selo, kwa hiyo swali limenigusa penye kidonda. Jibu la haraka ni ndiyo, zinaharibu. Ila naona swali mmelianzia katikati. Huo muziki mnaouonea huruma ulikuwa umeshachezewa vya kutosha kabla DJ hajaugusa. Mimi naomba nijibu jingine: ngoma ikishaingia, nani anamfuata mwenzake?

Wachukueni Bond, wale kinadada wanne wapiga nyuzi. Albamu yao ya Born ya mwaka 2000 iliondolewa kwenye chati ya klasiki ya Uingereza kwa madai kwamba ni pop mno. Kibao chao kilichovuma, "Victory", alikitunga Tonči Huljić wa Kroatia, na mdundo wa klabu umo ndani yake tangu siku kilipozaliwa. Mwaka 2003 wakatoa albamu nzima ya remiksi. Sikumbuki kitu kilichonichosha upesi namna ile, si kwa sababu ilikuwa mbaya, bali kwa sababu sikuona kilichokuwa kimebaki cha kuremiksiwa. Vanessa-Mae naye, kwenye The Violin Player ya 1995, alichukua Toccata na Fugue ya Bach, kazi inayojulikana kama ya kinanda cha kanisani, akaipigia fidla ya umeme juu ya mapigo ya mashine. Na kabla yao wote, 1976, Walter Murphy aliivisha Simfoni ya Tano ya Beethoven suruali ya disko ikapanda hadi namba moja Marekani. Mambo haya si ya jana.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kuna bikira anayelindwa hapa.

Kinachonikera mimi ni kingine. Mpiga nyuzi hapigi sawasawa. Noti hii anaivuta kidogo, ile anaiwahisha, na upinde unapokaribia ncha mkono unageuka na hapo ndipo sentensi inapopumua. Ukiwa na wenzako watatu hamhesabu, mnaangaliana viwiko. Mtengeneza remiksi akiipata rekodi ya namna hiyo, jambo la kwanza ni kuikata vipande na kuvinyoosha au kuvibana mpaka kila kimoja kikae kwenye mstari wake, mapigo 130 kwa dakika, bila kuchelewa wala kuwahi. Pumzi yote inaishia hapo. Halafu wana mchezo mwingine: kila ngoma kubwa inapopigwa, nyuzi hushushwa sauti kwa sehemu ya sekunde kisha huachiwa, ili ngoma isikike vizuri. Ukisikiliza kwa makini utazisikia zikizama na kuibuka, zikizama na kuibuka, wimbo mzima. Mtu alihangaika na mkono wake wa kulia tangu utotoni ili sauti isikatike, leo inakatwa mara mbili kwa sekunde.

Sasa nieleze kisa, maana bila hicho mtasema ni wivu wa mzee.

Kampuni moja ilitukodi kwenye sherehe yake ya kufunga mwaka. Bosi wao alikuwa ameisikia mahali ile Adagio ya mtunzi Mmarekani Samuel Barber kwa toleo la kudansia la DJ Tiësto, la 2005, akaipenda, akataka tuipige "kwanza taratibu, halafu ilipuke". Wapiga nyuzi mtacheka. Adagio ile ni sehemu ya kwarteti ya nyuzi, yaani kazi ya wapigaji wanne kama sisi, aliyoandika Barber mwaka 1936. Okestra ya kondakta Toscanini ikaizindua kwa nyuzi nyingi mwaka 1938, na tangu hapo watu wanaipiga kwenye misiba ya wakubwa. Kwenye sherehe ya watu waliovaa kofia za karatasi! Lakini hela ni hela, tukakubali.

Kampuni ikatupa kijana wa kutengeneza remiksi. Badala ya kutumia rekodi ya watu wengine alituomba tumrekodie sisi wenyewe, akaondoka nayo kwenye kompyuta yake. Siku ya mazoezi akaja na hedifoni, akamwendea mzee wetu wa selo kwa adabu kabisa.

"Shikamoo mzee. Nimewawekea mlio wa kuwahesabia humo masikioni, msipate shida."

"Marahaba. Lakini mwanangu, huu wimbo hauhesabiki hivyo."

Na mzee alikuwa na haki. Barber hakuandika Adagio kwa mapigo manne manne mwanzo mwisho. Baa moja, yaani kipande kimoja kati ya mistari ya nota, ina manne, inayofuata matano, mbele kidogo sita, na mpigaji ndiyo kwanza anafurahi kwa sababu sauti inatiririka bila kuonyesha mishono. Ngoma ya klabu haijui tano. Kijana alikuwa ameshakata hapa na kuongeza pale ili kila kitu kigawanyike kwa nne. Tukanuna, tukafanya mazoezi.

Usiku wenyewe mwanzo ulikwenda vizuri. Tulipiga ya kwetu, taa zimepunguzwa, watu wamenyamaza kiasi. Kisha DJ wa ukumbi, ambaye hakuwa yule kijana, akaiachia remiksi chini yetu. Dakika hiyo hiyo nikahisi tumbo linasokota. Hatukuwa tumeachana mapigo, tulikuwa tumeachana sauti. DJ aliona ukumbi umepoa akasukuma kitelezi cha kasi juu, asilimia 3 hivi, na kile kitufe cha kuzuia sauti isipande pamoja na kasi hakikuwashwa. Wanaojua santuri wanajua kinachotokea: kasi ikipanda asilimia 3, noti ya La, ile tunayopimia sauti kwa mitetemo 440 kwa sekunde, inakwenda kwenye 453 hivi, karibu robo ya toni. Si toni nzima wala nusu, ambapo ungeweza kuhamisha kidole ukaokoka. Ni katikati, pale pachungu. Na waliotuzidi kule juu ni sisi wenyewe. Fidla ya kwanza ndani ya spika ilikuwa inampigia kelele fidla ya kwanza aliyesimama jukwaani.

Mzee wa selo ndiye aliyetuokoa. Nilimwona anatega sikio, kidole chake cha kwanza kikapanda taratibu kwenye waya, kama mtu anayepapasa swichi gizani, mpaka ukali ule wa kugombana ukaisha. Akatuangalia na kuinua nyusi. Tukapanda sote. Fidla haina vigawanyo shingoni kama gitaa, hilo linajulikana, na bahati nyingine ni kwamba Adagio imo kwenye ufunguo wa Si bemoli ndogo, ambako waya wazi za fidla hazina kazi kubwa, karibu kila noti iko chini ya kidole. Mimi kwenye viola niliikwepa Do yangu ya chini, waya wazi usiopandishika kwa kidole, nikaruka oktavu. Kwa hiyo jibu la swali langu la mwanzo, usiku ule, lilikuwa wazi: tulikuwa watu wazima wanne tunamfuata kitelezi.

Nilikuwa nimepanga barua hii iishie hapo, na hukumu iwe kali.

Lakini nikiandika nimekumbuka kilichofuata, na kinanisumbua. Anayeijua Adagio anajua inapanda, inapanda, nyuzi zote ziko juu kabisa zinakaribia kukatika, halafu inanyamaza. Kimya kitupu. Wengi nilioshiriki nao jukwaa huogopa kimya kile wakakifupisha. Kijana wetu hakukifupisha. Kwenye remiksi yake ngoma ilikuwa imeshaondoka zamani, besi imeondoka, tumebaki sisi na rekodi yetu tunapanda pamoja, kisha vyote vikakatika. Ukumbi mzima ukasimama mikono juu. Wale wenye kofia za karatasi, ambao robo saa kabla walikuwa wanatafuta chakula, walisimama hivyo wakingoja, na hakuna aliyekohoa. Nimepiga Adagio ile mbele ya watu waliokaa kwenye viti kwa heshima zote, sijawahi kuona kimya kile kikingojewa namna hiyo. Kisha ngoma ikaanguka na wakaruka, sawa, hilo lilikuwa la kijana na wao.

Tulipokuwa tunafunga vyombo kijana akapita, na mzee akamuuliza: "Pale kwenye kimya, nani alikwambia uache?"

"Hakuna, mzee. Nilijaribu kuweka ngoma pale, ikakataa."

Mzee hakusema kitu, akaendelea kulegeza nywele za upinde wake. Mimi ndiye niliyebaki na hasira, na hata sasa sijui nilikuwa namkasirikia nani, maana aliyeharibu sauti ni DJ wa kitelezi, na aliyeelewa wimbo ni mtu wa kompyuta.

Basi nikisukumwa kupiga kura kwenye swali lenu kama lilivyo, naandika hapana. Haziharibu. Hata naenda mbali kidogo: mtayarishaji William Orbit na Adagio hiyo hiyo, ile iliyotikisa klabu mwishoni mwa 1999 baada ya DJ Ferry Corsten kuifanyia remiksi, inamheshimu Barber kuliko vibao vingi vya fidla na pop vinavyouzwa kama "klasiki kwa vijana". Remiksi inakwambia mlangoni kwamba imekuja kudansisha. Vile vingine vinakuja vimevaa gauni refu, na chini ya gauni mashine ile ile.

Masharti yangu lakini yasomwe. Kura hii haihusu ile albamu ya Bond ya 2003. Haihusu remiksi yoyote inayozizamisha nyuzi mara mbili kwa sekunde kuanzia mwanzo hadi mwisho, maana hapo hata kinanda cha plastiki kingetosha, msituite. Na haihusu DJ anayegusa kitelezi wakati watu wanapiga mubashara, huyo anyang'anywe meza.

Lipo pia jambo la majina. Remiksi yetu ilisambaa baadaye ikiwa na jina la kijana peke yake. Bosi alilipa usiku mmoja, akahesabu amemaliza. Upinde unaosikika mle ni wetu, na hakuna mahali palipoandikwa. Mkipata nafasi wiki ijayo ulizeni hilo, nitajibu kwa ufupi zaidi.