Vijana, kabla hamjanakili picha nyingine ya Kayyali

Vijana wangu, nimeletewa tena picha ya mpiga kiwi ya Louay Kayyali, mchoraji wa Syria, iliyonakiliwa, na tena ina kivuli chini ya kidevu. Nawapenda, lakini hili tumeshalisema mara nyingi, basi leo naliandika.

1. Kivuli kiacheni. Kayyali, mzaliwa wa Aleppo, alisomea uchoraji Roma kuanzia 1956 hadi 1961, na mwaka 1960 kazi zake zilikuwa Venice Biennale, maonyesho makubwa ya sanaa ya kimataifa huko Italia, pamoja na za Fateh Moudarres, mchoraji mwenzake wa Syria. Mtu wa namna hiyo hakushindwa kuweka kivuli; aliamua kutokiweka. Tazameni yule mtoto aliyeinamia kisanduku chake: hakuna mwanga unaomwangukia kutoka upande wowote. Uzito wote umebebwa na mstari mnene wa rangi nyeusi, unaoteremka kutoka shingoni, ukapita begani, ukapinda kwenye kiwiko bila kusita. Ukitia doa jeupe puani ili uso "utokeze", mstari unakosa kazi na picha nzima inalegea.

2. Nyuma pawe patupu, msiwapelekee watu wake mtaa wala soko.

3. Tafuteni hadibodi. Kazi zake nyingi ziko juu ya mbao za kushindiliwa, na ule ukwaru wake unaonekana ndani ya rangi. Turubai laini lenye rangi inayong'aa halitawapa hilo hata mkeshe.

4. Hapa ndipo mnaponiumiza. Mkishasoma kwamba alikufa mwaka 1978 kwa majeraha ya moto, basi kila picha mnaigeuza msiba: rangi mnazitia giza, macho mnayajaza machozi. Someni maisha yake kwa mpangilio. Mwaka 1965 alichora *Kisha Nini?*, wakimbizi wa Kipalestina wamesimama pamoja, picha iliyo katika Makumbusho ya Taifa, Damascus. Mwaka 1967 akaonyesha michoro ya mkaa kwa jina *Kwa Ajili ya Kadhia*, ikazungushwa katika miji ya Syria, na baadhi ya wahakiki wakaishambulia. Juni ikaja vita na Israeli, Waarabu wakashindwa, naye akaiharibu michoro ile kwa mikono yake, kisha akaacha kuchora kwa muda mrefu. Kila nikifika hapo roho inaniuma, kwa sababu mkaa ule ulikuwa kilio chake cha wazi, na hatunao.

Lakini aliporudi miaka ya 1970 alirudi kwa nani? Kwa wauza bahati nasibu, wavuvi wa Arwad, kisiwa cha Syria, wanawake wanaoshona. Watu hao wameinamisha macho, wana kazi mkononi, na hakuna anayeomba huruma yetu. Mnapowaongezea machozi mnawavunjia heshima ambayo yeye aliwapa hata alipokuwa mgonjwa wa huzuni.

5. Anzeni na mikono, uso utafuata.

6. Msimchanganye na Moudarres. Zile nyuso za mraba, zenye asili ya sanamu za kale za nchi yao, ni za Moudarres. Kayyali uso wake ni mrefu, na shingo yake ndiyo inayosema.

Kwa juma lijalo rangi zibaki nyumbani. Kila mmoja aje na mwanamke anayeshona, mistari mitupu, brashi moja, bila kufuta. Mstari ukitetemeka, uacheni tuuone.