Usimuuzishe mzee michikichi

Mdogo wangu, ujumbe wako nimeusoma. Unasema hapo Mwanga, Kigoma, vijana mnaambizana kwamba Ujerumani mtoto akitimiza miaka 18 anafungashiwa virago akajitegemee, ndiyo maana wenzetu wameendelea. Kwa hiyo umechoka kula kwa baba, unataka nimpigie mzee auze shamba la Mwandiga upate nauli.

Hilo la miaka 18 ni uongo, na linaniudhi. Sheria ya huku inamtaka mzazi amtunze mwanawe mpaka amalize masomo au mafunzo yake ya kwanza ya kazi. Serikali nayo inamshika mkono mzazi: mwaka 2025 ilikuwa euro 255 kwa mwezi kwa kila mtoto, na anayesoma bado analipiwa mpaka afikishe miaka 25. Nipo na vijana wenye ndevu ambao mama zao wanawalipia pango, hakuna anayewacheka. Kaa nyumbani, kula, usione haya.

Lakini mzee wako hana posho ya serikali. Ana michikichi tu.

Na hiyo nauli ndiyo ndogo. Viza ya masomo inataka euro 11,904 ziwe zimewekwa kwenye akaunti iliyofungwa. Benki inakutolea 992 kwa mwezi, hata ulie haiongezi. Toa pango, toa bima ya afya, uone kinachobaki. Kisha kibali kikikaribia kuisha, ofisi ya wageni inataka uthibitisho wa fedha upya. Hapo ndipo watu hawasemi! Mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka. Mimi napakua vifurushi usiku, vidole vimepasuka kwa baridi, na bado mwaka wa pili mama alishusha madumu ya mawese sokoni kwa ajili yangu. Akaniambia, "Usijali, mwaka huu mikungu imezaa." Najua haikuzaa. Nilikuwa nimeshaelezwa.

Ukipata ufadhili, njoo hata kesho. Usipopata, tulia. Au tafuta mafunzo ya kazi, uuguzi kwa mfano, mwajiri anakulipa tangu unaanza. Ila Kijerumani kisome hukohuko kwanza, na ukisome kwelikweli. Mzee akitaka mwenyewe kukusaidia, pokea, ni baba yako. Auze kiwanja, shamba aliache. Akikataa, usimnunie.

Kumpigia, simpigii.