Shangazi, jiko la umeme limenifanya nimdanganye mume wangu

Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Katubuka, Kigoma. Mwezi wa nne kaka yangu wa Dar alinitumia jiko la induksheni la plate mbili. Nilifurahi sana, kwa sababu moshi wa mkaa unanibana kifua, na mkaa wenyewe nanunua wa 1,500 kila siku. Fundi alipokuja akasema jiko hili halichomekwi kwenye soketi ya kawaida, lazima avute waya mpya. Pamoja na vifaa, 320,000. Nikaitoa kwenye hela ya kikoba, ambayo mimi na mume wangu tulikubaliana ni ya bati. Halafu sufuria zangu zote zikakataa, nikanunua mpya mbili kwa 90,000. Mume nilimwambia fundi kalipwa na kaka. Sasa umeme wa elfu tano, uliokuwa unatufikisha mwezi, unaisha siku ya nne. Kila jioni ananiuliza kuna nini. Nimwambie, au ninyamaze mpaka tugawane kikoba Desemba nizibe pengo? Au nilirudishe jiko?
Mama Watatu

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nililiona jambo ambalo hukuliandika: unaogopa kwamba umetapeliwa, na kwamba mumeo akijua atasema ulikuwa mjinga. Basi tuanzie hapo.

Hukutapeliwa. Soketi ya pini tatu tuliyo nayo majumbani ni ya ampea 13, mwisho wake ni wati 3,000 hivi. Jiko la plate mbili, zote zikiwaka kwa nguvu, mara nyingi hupita hapo. Ungelichomeka kwenye ekstensheni pale jikoni, ungeanza kusikia harufu ya plastiki inayoungua, na nyumba zimeteketea kwa mwanzo huohuo. Fundi aliyekataa kulichomeka na kukuvutia waya wake peke yake kutoka meni swichi, na sakiti breka yake, na kukagua ethi, ule waya wa ardhini, amekulindia watoto. Ningemlaumu kwa jambo moja tu kama hakulifanya: kukupa karatasi yenye bei ya kila kifaa na ujira wake. Kama hukupewa, kamwombe.

Sufuria nazo hazina ubovu. Jiko hili halina moto. Chini ya kile kioo kuna koili inayotengeneza nguvu ya sumaku, na nguvu hiyo inakipasha chuma cha sufuria chenyewe. Sufuria zetu za alumini sumaku haizishiki, ndiyo maana uliiweka juu, jiko likalia tii tii, likazima. Siku nyingine kabla hujalipa, nenda sokoni na kipande cha sumaku cha spika mbovu. Kiguse kitako cha sufuria. Kikinata, nunua.

Sasa umeme, maana hapa ndipo mumeo anapoumia na wewe huna jibu. Chukua ujumbe wa LUKU, ule wa kununua umeme, wa mwezi wa tatu na wa juzi, uziweke pamoja. Zamani elfu tano ilikupa uniti 41 hivi, sivyo? Sasa tazama: 14. Hakuna anayekuibia. Nyumba inayotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi inauziwa uniti kwa shilingi 100, na kodi na tozo inafika 122. Mkizoea kupita 75 mnahamishiwa kundi la kawaida, shilingi 292, na makato yake ni kama 356. Kwa hiyo jiko halikuongeza uniti za kupikia tu. Limepandisha bei ya taa, televisheni na pasi pia. Gharama hiyo muuza jiko haitaji, na inaniuma kuona kina mama wanaikuta peke yao usiku, umeme umekatika na maharage hayajaiva.

Tupige hesabu yako. Uniti 14 kwa siku nne ni tatu na nusu kwa siku, 105 kwa mwezi, yaani 37,000 na ushei. Zamani ulilipa umeme 5,000 na mkaa 45,000, jumla 50,000. Kama mkaa kweli umeacha kununua, unaokoa 12,000 hivi kila mwezi. Ile 410,000 ya fundi na sufuria itarudi baada ya karibu miaka mitatu. Usimwambie mumeo kwamba imeshajilipa, kwa sababu haijajilipa. Mwambie ulinunua kifua chako na vifua vya wanao. Hilo lina thamani yake, wala huna haja ya kulipamba.

Na ndiyo, mwambie. Usisubiri Desemba. Mimi miaka ile nilikopa nikanunua cherehani, nikamficha marehemu mume wangu. Alikuja kusikia msibani, kwa mama mmoja wa kikundi chetu aliyedhani mume wangu anajua. Cherehani hakuisema hata siku moja. Lakini kwa miezi mingi, kila nikimtajia bei ya kitu, aliniangalia kidogo kabla ya kujibu, na mtazamo ule uliniumiza kuliko ugomvi wowote. Kikoba chako kina wanawake wangapi? Na kaka yako, uliyemweka kwenye uongo bila kumuuliza, mumeo akimpigia simu kumshukuru kwa ajili ya fundi itakuwaje?

Jiko usirudishe, waya umeshalipiwa. Lipunguzie kazi tu. Maharage yaloweke usiku kucha, na yakichemka shusha nguvu, ufunike. Migebuka ya kuchoma ibaki kwenye mkaa, nje, siku moja moja. Jiko la mkaa lenyewe usiligawe, maana tumeingia gridi ya Taifa lakini umeme bado unakatika. Ukipata hela baadaye, jiko la presha la umeme linaivisha maharage kwa nusu uniti hivi. Mkiweza kushuka chini ya 75, nendeni TANESCO muulize utaratibu wa kurudi kundi la mwanzo.

Usimwambie akiwa na njaa wala mbele ya mama mkwe. Watoto wakishalala, kaa naye, weka mezani karatasi ya fundi, risiti ya sufuria na zile LUKU mbili. Anza na bati: "Baba fulani, hela ya bati nimeitumia, nikakudanganya." Kisha nyamaza, mwache aseme yote. Ile 12,000 ya kila mwezi mpe yeye aiweke, kuanzia mwezi huu, kwa ajili ya bati.