Maji Yanayojificha Katika Nyumba Kuukuu za Nchi ya Theluji

Sisi tuliokulia chini ya bati tunajua kwamba paa bovu huvuja mvua inaponyesha. Hapa Buffalo, katika jimbo la New York, nyumba yetu iliyojengwa miaka ya 1920 ilivuja mwezi wa Februari, jua likiwaka na mvua haijanyesha kwa wiki nzima. Joto la vyumbani lilikuwa likipenya hadi darini na kuyeyusha theluji iliyolala juu ya paa. Maji yakateremka mpaka ukingoni, ambako chini yake hakuna joto, yakaganda tena na kufanya tuta la barafu. Yaliyofuata yalikwama nyuma ya tuta hilo, yakaingia chini ya vigae na kushuka ndani ya ukuta, hata doa likatokea mbali kabisa na mahali yalipoingilia.

Tuliikagua nyumba hiyo mwezi wa Agosti, ikiwa kavu. Dari ya chumba cha kulala ilikuwa imepakwa rangi mpya kwenye kona moja tu, nasi hatukuuliza kwa nini. Ulizeni.

Kabla ya kununua, pandeni darini na tochi, mtazame ncha za misumari iliyotokeza kwenye mbao za paa. Msumari wenye kutu, na mbao iliyofanya duara jeusi kuuzunguka, hueleza habari za miaka mingi ambazo rangi haiwezi kuzificha. Kisha shukeni kwenye chumba cha chini ya ardhi. Unga mweupe kama chumvi ukutani ni alama ya maji yaliyopita ndani ya mawe au matofali. Bandikeni kipande cha foili ukutani, mkizibe kingo zote kwa utepe wenye gundi, mkiache siku mbili: kikilowa upande wa ukutani, unyevu unatoka ukutani, kikilowa upande wa nje, ni hewa ya chumba. Mbao zinazokalia msingi zichomwe kwa bisibisi. Iliyo nzima hukataa, iliyooza huipokea kama muhogo uliochemshwa.

Msikwangue rangi ovyo, kwa maana nyumba za kabla ya 1978 huenda zikawa na rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa watoto.

Barafu ya ukingoni nayo msiivunje kwa shoka, kwani vigae huvunjika pamoja nayo. Sisi tuliziba nyufa za darini, hasa pale mabomba na nyaya zinapopitia, na theluji ya mwaka uliofuata ikakaa juu ya paa letu bila kuyeyuka.