Pima samaki kabla hujamkata

Wadogo zangu mlioanza mwaka huu kwenye maabara yetu ya kupima sumu ndani ya samaki, jana nimefungua friza nikakuta tena mifuko ileile: vipande vya mputa (sangara), jina la mwalo wanaposhushia samaki, tarehe, basi. Urefu hakuna, uzito hakuna. Nawapenda, lakini hapa mnanichosha.

1. Urefu kwanza, kisu baadaye. Zebaki ya methili, aina ya zebaki inayojikusanya mwilini mwa samaki, hushikamana na protini za misuli, na samaki huitoa polepole mno. Hivyo huzidi kadiri anavyokua na kadiri anavyokula wakubwa zaidi. Mputa mdogo hula uduvi na mukene (dagaa). Mkubwa hula hata watoto wa mputa wenzake.

Kuna kijana niliyemsimamia, mchapakazi hasa. Sampuli tupu zake, zile zisizo na samaki za kukagua uchafu wa maabara, zilikuwa safi, kila kipimo kakirudia mara tatu. Chati yake ikashuka vizuri kutoka msimu mmoja hadi mwingine, akaandika rasimu kwamba zebaki ziwani imepungua. Nikamuuliza samaki walikuwa na ukubwa gani. Akanyamaza, akatoa simu, akaanza kutafuta picha. Ya msimu wa kwanza ilimwonyesha mvuvi kabeba mputa mmoja begani, mkia unakaribia magoti. Ya msimu wa pili ilikuwa ndoo imejaa vidogo vya kiganja. Hatukuweza kurekebisha chochote, maana nyama ilishasagwa, na samaki aliyesagwa haulizwi umri. Hela ya barafu, ya boda, ya asidi, zote zikaenda na maji. Kijana alikaa kwenye ngazi za nje mpaka jioni, nami sikuwa na la kumwambia ila kumletea chai. Mimi sitaki kumwona mwingine kwenye ngazi zile.

2. DDT, dawa ya kuua wadudu, hukaa kwenye mafuta, kwa hiyo pima pia mafuta ya sampuli. Mwilini hugeuka kuwa DDE, nayo DDE haivunjiki kirahisi. Angalia uwiano wake: DDE ikiizidi DDT sana, mara nyingi ni dawa ya zamani, DDT ikitawala, shuku kwamba kuna aliyepuliza karibuni. Mkienda Apac au Oyam, kaskazini mwa Uganda, kumbukeni nyumba za huko zilipuliziwa DDT mwaka 2008.

3. Shaba si zebaki. Kilembe, magharibi mwa Uganda, walichimba shaba kuanzia 1956 hadi 1982, na mabaki ya mgodi bado yako kando ya mto Nyamwamba. Lakini mwili huihitaji shaba na huidhibiti, kwa hiyo msitegemee izidi kutoka anayeliwa hadi anayemla kama zebaki. Chukueni ini, mkipima misuli peke yake mtasema samaki ni salama wakati ini limejaa.

4. Umepima nyama ikiwa mbichi au baada ya kuikausha? Andika. Zaidi ya robo tatu ya nyama ya samaki ni maji. Ukichanganya hesabu hizi mbili, jibu linakuwa kubwa au dogo mara nne au zaidi kuliko ukweli.

5. Mwaloni andikeni kwa penseli. Wino na maji ya samaki havipatani.